Zawadi kutoka Gunia la Vipande

Chini ya meza ya fundi wa nguo mtaani Nairobi, iwe Kaloleni, Jericho, Umoja au Kayole, hukosi gunia la vipande. Ni masalio ya vitenge vya harusi, sare za shule, mapazia na suruali zilizokatwa miguu. Mengine huchukuliwa na watu wa kujaza mito, mengine hutumika kuwashia jiko, na yanayobaki huishia kwenye jaa la Dandora. Anayeshona blanketi la viraka nyumbani naye ana mfuko wake wa pembe na vitepe vilivyobaki baada ya kusawazisha kingo. Mwongozo huu ni wa kugeuza vipande hivyo viwe zawadi ndogo ambazo mtu atazitumia hadi zichakae.

Zawadi nyingi za viraka hulala kabatini kwa sababu aliyezishona alianza na kitambaa. Alipenda ua fulani, akashona kitu cha kulionyesha, ndipo akatafuta wa kumpa. Wewe anza na mtu. Jirani anayeuza chapati asubuhi anashika kikaango cha moto kwa kitu gani? Mama mboga anaweka wapi chenji, na mikono imelowa maji ya sukuma wiki? Yule aliyetoka Pumwani Maternity juzi na mtoto mchanga ameletewa shuka na nepi na kila mgeni. Nani amemletea mtoto kitu cha kuchezea? Ukishajua mikono ya mpokeaji inashinda ikifanya nini, kuchagua kitambaa ni kazi nyepesi.

Pa kuvipata

Anza na fundi unayemjua. Msalimie, mweleze unachotaka kushona na aina ya kitambaa unachotafuta, wala usidhani gunia ni la bure, wapo wanaoliuza. Mpe pesa ya chai, kisha siku nyingine mpelekee ulichoshona akione. Fundi aliyeona kazi yako atakuwekea kando kipande kizuri bila kuombwa.

Ukitaka wingi, nenda Uhuru Market kando ya Jogoo Road, ambako mafundi wamekaa safu kwa safu wakishona nguo na sare. Kuelekea Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, mikasi haipumziki, na vipande vya maruni, kijani na buluu hurundikana miguuni. Eastleigh kuna maduka ya mapazia. Vipande vyake ni vizito na vinafaa mifuko. Kwa kamba za ngozi za vishikio na vitanzi, soko la Kariokor lina mafundi wa viatu na mikoba, na ukanda mwembamba uliobaki kwenye kazi yao unatosha zawadi kadhaa.

Kwenye mitumba ya Gikomba tafuta shati la kiume la pamba, saizi kubwa. Kola ikiwa imelika, haidhuru. Wewe tazama mgongo. Mgongo wa shati kubwa hukupa kipande kipana kisicho na mshono, kilichofuliwa mara nyingi hadi kikalainika, kisichorudi tena wala kuchuja rangi. Vifungo navyo ni vyako. Jinzi iliyotoboka magoti, nyuma ya mapaja bado ni nzima, na hapo ndipo utakapopata kitambaa cha kubeba uzito.

Leso kuukuu usiitupe. Mara nyingi huchakaa mji wake, pale katikati, ilhali pindo bado lina nguvu. Ukanda wenye jina la leso, ukikatwa kwa uangalifu maneno yote yakabaki, huwa alamisho zuri la Biblia au Kurani, au ukanda wa mbele wa mfuko. Kama leso ilikuwa ya mama yake mpokeaji, hutahitaji kuandika kadi.

Kuvijua na kuvitenga

Kabla hujakata chochote, jua kitambaa kimetengenezwa kwa nyuzi gani. Macho hudanganya siku hizi, maana kuna vitenge vilivyochapwa kwa michoro ya kawaida kabisa ilhali ni poliesta tupu. Chomoa nyuzi chache ukingoni, zishike kwa koleo juu ya sinki au bati, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka bila kuyeyuka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopukutika ukilisugua. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha tone jeusi gumu. Kitambaa mchanganyiko huacha jivu lenye chembe ngumu ndani yake. Tone la poliesta likiwa bado moto hung'ang'ania ngozi na kuichoma, kwa hiyo usiliguse, na watoto wasiwe karibu.

Sasa tenga mafungu matatu. Pamba ni ya jikoni na ya mtoto, basi. Mchanganyiko, ambao ndio kitambaa cha sare nyingi, ni wa mifuko na aproni. Poliesta ni ya vibana nywele na mapambo, na kamwe isikaribie moto: kishikio cha sufuria kilichoshonwa kwa poliesta huyeyuka mkononi mwa mtu uliyempenda hadi ukaketi kumshonea. Hata jiko usiliwashe kwa vipande vyake. Moshi wake unabaki ndani ya chumba mnamolala.

Fungu la pamba lifue kwanza. Pamba mpya inaweza kurudi sentimita 3 hadi 5 katika kila mita, na ukishona kipande kilichofuliwa pamoja na kisichofuliwa, zawadi itajikunja siku ya kwanza kufuliwa. Vipande vidogo vitie ndani ya foronya, funga mdomo, ndipo ufue, vinginevyo nyuzi za kingo zitasokotana. Nyekundu na maruni zipime: bonyeza kipande kilicholowa juu ya kitambaa cheupe kwa pasi ya moto. Kikiacha doa, fua tena hadi kisiache. Utaambiwa utie chumvi. Chumvi husaidia wakati wa kutia rangi. Rangi iliyotiwa kiwandani ikawa haikushika, chumvi haitaishikisha.

Robo inchi

Tepu ya fundi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Kwa viraka tumia inchi, kwa kuwa mshono wake ni robo inchi kila mahali na hesabu yake haichoshi: ukubwa wowote unaotaka kubaki nao, ongeza nusu inchi unapokata. Mraba wa inchi 4 hukatwa inchi 4 na nusu. Mafundi wa nguo huacha nafasi kubwa zaidi ndani ya mshono ili nguo iweze kuachiliwa mwenyewe akinenepa. Kwenye viraka mazoea hayo ni hasara, kwani vipande vinne vikikutana pembeni pananenepa hadi sindano inavunjika.

Ili usikisie, pima robo inchi kutoka kwenye sindano, ubandike ukanda wa plasta kwenye bati la cherehani hapo, kisha ukingo wa kitambaa ufuate ukingo wa plasta. Jipime namna hii: kata vitepe vitatu vya upana wa inchi moja na nusu, viunganishe, upige pasi, kisha pima cha katikati. Kikiwa inchi moja kamili, mshono wako umesimama. Kikizidi au kikipungua, sogeza plasta, wala usiendelee hadi kikae sawa, kwa maana kosa dogo kama unene wa sarafu, likirudiwa kwenye mishono minane, litakuacha na kazi isiyokutana pembe.

Cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa, na stima ikipotea haitakukwamisha. Tia sindano namba 14 kwa kitenge na shati, namba 16 kwa jinzi. Kata kiolezo cha kadibodi ngumu, ukizungushe kwa chaki au penseli, ukate ndani ya mstari. Angalia pia mwelekeo wa nyuzi: kipande kilichokatwa mshazari huvutika, na ukikiunganisha na kilichonyooka kitaleta mawimbi. Kama gunia limekupa kipande cha mshazari pekee na unakitaka, kishonee juu ya kitambaa kilichonyooka kabla ya kukata.

Pasi nayo ina adabu yake. Kandamiza, inua, sogeza, kandamiza tena. Ukiiburuta kama unayenyoosha suruali utavuta viraka vipoteze mraba. Mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia, ya safu ya pili ilaze kushoto. Safu hizo zikikutana, mishono inasimama bega kwa bega badala ya kupandana, na pembe zinakaa mahali pake bila kulazimishwa.

Ukiwa huna cherehani

Hapa nina la kusimulia, maana njia nzuri kuliko zote ninazozijua za kushona viraka kwa mkono ni ya watu wenye asili ya Afrika. Katika jimbo la Karnataka, kusini magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, ambao mababu zao wengi walivushwa Bahari ya Hindi karne zilizopita, wengine wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kwa sindano na uzi tu. Hutandika chini kitambaa kikuukuu, mara nyingi sari, kisha huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati. Kila kiraka hukunjwa ukingo, huwekwa kikifunika ukingo wa kilichotangulia, na hushikizwa kwa mishono ya bandi inayopita matabaka yote. Pembe nne huwekewa vijiua vya kitambaa kilichokunjwa, na blanketi lisilo na vijiua hivyo kwao bado liko uchi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haidai vipande viwe sawa. Chenye pembe tatu, chembamba, kilichopinda, vyote vina nafasi. Kwa kitambaa cha kuwekea sufuria mezani, kata msingi wa pamba wa inchi 10 kwa 10. Juu yake, katikati, weka taulo jembamba kuukuu la inchi 9 kwa 9. Kunja kingo za msingi nusu inchi kila upande zilifunike taulo, upige bandi ndefu za kushikilia kwa muda. Sasa chukua kiraka cha kwanza, kunja kingo zake mbili za nje, ukilaze pembeni kikae sawasawa na ukingo wa msingi. Shona kwa mishono mifupi kufuata ukingo huo. Ukikaribia mwisho wa kiraka, chomeka cha pili: kunja ukingo wake unaopanda juu ya cha kwanza, endelea. Ukishazunguka pande nne, rudi tena mzunguko wa ndani, mstari wa mishono ukiwa karibu robo inchi au zaidi kidogo kutoka kwa uliotangulia. Safari inaishia katikati kwa kiraka kimoja kilichokunjwa kingo zote nne.

Tumia uzi maradufu uliopitishwa kwenye mshumaa ili usijifunge mafundo, na vaa subana kidoleni, maana sindano inapenya matabaka matatu au manne na bila subana kidole kitakataa kazi kabla ya jioni. Mishono isilingane kupita kiasi. Mkono wa mtu uonekane.

Kishikio cha sufuria kwa cherehani

Hiki ndicho ningekupa kama zawadi ya kwanza ya kujifunzia, na ndicho kitakachotumika kila siku katika nyumba yoyote inayosonga ugali. Kata miraba 9 ya pamba, kila mmoja inchi 3 kwa 3. Iunganishe mitatu mitatu, kisha safu tatu pamoja, na utabaki na uso wa inchi 8 kwa 8. Kwa nyuma kata jinzi ya ukubwa huohuo. Katikati weka taulo la pamba matabaka mawili. Usitumie blanketi hadi ulipime kwa moto, kwani mengi ya bei nafuu ni ya nyuzi za kuyeyuka. La sufu halisi, hata likiwa na matundu, ni bora.

Panga jinzi chini, taulo, kisha uso wa viraka. Shikiza kwa pini kutoka katikati kwenda nje, halafu piga mishono ya kukata miraba kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, ukianzia mstari wa katikati ili kitambaa kisikimbilie upande mmoja. Sawazisha kingo kwa mkasi. Kwa ukingo kata ukanda wa upana wa inchi 2 na nusu na urefu wa inchi 38 hivi, ukiuunga ikibidi. Ukunje mara mbili kwa urefu, upige pasi, uushone kuzunguka uso, kisha uugeuze nyuma na kuumalizia kwa mkono. Kabla ya kufunga pembe ya mwisho ingiza kitanzi cha ngozi au kitambaa cha kuning'iniza.

Kijaribu mwenyewe kabla ya kumpa mtu. Shika sufuria iliyochemka, uibebe kutoka jikoni hadi mezani. Joto likipenya, rudi uongeze tabaka. Na unapomkabidhi mwenyewe, mwambie asikitumie kikiwa kimelowa, kwa sababu maji hupitisha joto haraka hadi kiganjani.

Mfuko wa kiunoni wa mama mboga

Mitaani kwetu kibanda cha mboga hufunguliwa mapema na kufungwa usiku, na mwenye kibanda hutoa na kupokea pesa siku nzima huku akikata sukuma. Mfuko wa kufunga kiunoni ni zawadi inayomfaa kuliko kitambaa chochote cha kupamba kiti.

Kata jinzi ya upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 9. Huo ndio mgongo. Kwa mbele unganisha viraka, pamba au mchanganyiko, hadi upate kipande cha upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 7, pamoja na bitana ya ukubwa huohuo. Weka uso wa viraka na bitana zikitazamana, shona ukingo wa juu peke yake, zigeuze, piga pasi, kisha pitisha mshono wa pili juu ya ukingo huo ili mdomo wa mfuko usilegee. Laza kipande hicho mbele ya jinzi, kingo za chini zikilingana. Pima inchi 5 kutoka upande mmoja, upige mshono wa wima kutoka juu hadi chini: hapo patakaa simu ya M-Pesa, na upande mkubwa ni wa chenji. Mahali mshono huo unapoanzia juu, shona kijipembe tatu kidogo, kwa sababu ndipo mifuko yote inapoanza kuchanika.

Noti zisikae mbele. Nyuma ya jinzi, upande unaogusa tumbo, shona mfuko bapa wenye zipu iliyofumuliwa kwenye suruali kuukuu. Pembe za chini za mfuko wote zikate mviringo. Sarafu hunasa kwenye pembe kali, na mchanga wa viazi hujikusanya humo hadi kitambaa kinaoza. Zungushia ukingo pande tatu, kisha juu weka mkanda wa kufunga: upana wa inchi 4 uliokunjwa mara nne ukabaki inchi moja, urefu wa inchi 70 ili uweze kuzunguka kiuno chenye sweta na leso juu yake na bado ufungwe mbele. Rangi ziwe za kuvumilia udongo. Nyeupe na waridi hafifu mwachie mtu mwingine.

Kwa mtoto mchanga

Shona kete kubwa ya kitambaa ya kushika na kurusha. Kata miraba 6 ya inchi 4 na nusu, kila mmoja wa kitambaa tofauti kwa mguso: jinzi, flana, taulo, shati laini, kitenge, pindo la leso. Iunganishe kwa umbo la msalaba kisha ukunje upande kwa upande. Kila mshono uanze na kuishia robo inchi kabla ya pembe, usifike ukingoni, la sivyo pembe hazitageuka vizuri. Acha mwanya wa inchi 2, geuza, jaza kwa vipande vya pamba vilivyofuliwa na kukatwa vidogo vidogo, kisha ufunge kwa mishono ya mkono iliyobanana.

Usitie vifungo, shanga, kengele wala utepe mrefu. Kila kitu kinachoweza kung'olewa kitaishia mdomoni. Mweleze mzazi pia kwamba kete ni ya wakati mtoto yuko macho; madaktari wa watoto wanashauri mito na vitu laini visiwekwe mahali anapolala mtoto ambaye hajafikisha miezi 12. Ndiyo maana sipendekezi umshonee mto, hata uwe mdogo na mzuri vipi.

Vya haraka

Kibana nywele: ukanda wa inchi 4 kwa 20, lastiki ya inchi 7 hadi 8, na vipande vya poliesta vinavyong'aa hapa vimepata kazi. Alamisho: ukanda wa jina la leso juu ya kipande cha jinzi, ukazungushiwa mshono. Mfuko wa kwenda dukani nao haujawahi kukosa mwenyewe tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Ushone uwe wa kukunjika hadi uingie mfuko wa koti, vinginevyo utasahaulika mlangoni kila siku.

Kuhusu rangi

Kitenge kina kelele, na vitenge vinne tofauti kwenye kipande cha inchi 8 hugombana. Kanuni yangu ni kitenge kimoja, na kando yake vitambaa viwili visivyo na maua. Mgongo wa shati jeupe au la buluu hutuliza kila kitu. Wanawake wa Gee's Bend, jamii ya watu weusi huko Alabama, Marekani, walishona mablanketi kwa nguo kuukuu za kazi, jinzi na mashati yaliyopauka, na mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston. Ukizitazama utaona nafasi kubwa tupu za rangi moja, kisha ukanda mwekundu mmoja unaofanya yote yaishi. Waliacha kitambaa kipumue.

Ua kubwa la kitenge ukilikata miraba midogo bila kupanga, unapata doa lisiloeleweka. Toboa dirisha la mraba wa inchi 2 na nusu kwenye kadibodi, lisogeze juu ya kitenge hadi ndege, taa au ua lijae ndani ya dirisha, uweke alama, kisha ukate inchi 3. Na ukibahatika kupata kwa bibi kipande cha Maridadi Fabrics, mradi wa kuchapa vitambaa kwa mkono uliozaliwa Pumwani miaka ya 1960 chini ya kituo cha St John's, usikikatekate. Kishone kizima mbele ya mfuko.

Ukimaliza, kata kila uzi unaoning'inia, geuza kazi upande wa ndani uitazame kwenye mwanga, kisha uifue mara moja kabla ya kumpa mtu. Kama kuna mshono utakaofumuka, ufumuke kwako. Andika kwenye kikaratasi jinsi ya kufua, kwa maji gani, na kama inapigwa pasi. Ukijua vipande vilitoka wapi, andika pia: gauni la harusi ya nani, sare ya shule gani, leso ya nani.

Vinavyobaki mwisho, vya chini ya inchi moja, vikatekate kwa mkasi ujazie mto mdogo wa kuchomekea sindano, na umpe yule fundi aliyekufungulia gunia.